Kigong'ota wa Nyuma ya Jiko

Jumanne, 4 Machi

Sasa hivi Meneja ameacha uji wake, amekwenda kuegemeza shavu kwenye mti mkavu nyuma ya jiko, akafumba macho na kucheka. Kijiko bado anacho mkononi, uji unamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Juu kabisa ya mti kigong'ota alikuwa anapiga ngoma yake, trrrrr, ananyamaza, trrrrr, na kila akipiga mwanangu anacheka, akinyamaza naye anangoja mdomo wazi. Mimi nimesimama na mwiko. Anasikia. Mtoto wangu anasikia.

Naandika haraka kabla sijaanza kujishuku. Nesi wa kliniki aliniambia nitafute daftari, kila neno atakalosema mtoto niliandike na tarehe, ili mtaalamu wa masikio akija mwisho wa Aprili apate pa kuanzia. Daftari ninalo, kalamu ninayo. Neno ndilo sina. Miaka mitatu inakaribia na hajasema hata mama. Basi nitaandika ndege mpaka neno lije.

Meneja si jina lake. Wanaume wa kiwanda cha mbao ndio waliombandika, kwa sababu tangu aanze kutembea anafunga mikono nyuma na kukagua magogo kama bosi. Baba yake anaendesha msumeno mkubwa. Tunakaa kwenye nyumba za mbao za wafanyakazi, hapa hapa kando ya uwanja wa magogo. Mti mkavu waliuacha kwa kuwa umeoza katikati, hautoi hata ubao mmoja wa maana. Boriti ya jiko letu imepigiliwa kwenye shina lake, na benchi letu pia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kutwa. Ndege kimya. Neno hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweleza baba yake habari za ngoma. Amefurahi mpaka akamrusha mtoto juu. "Si nilikwambia? Mimi mwenyewe nilichelewa kusema, muulize mama. Halafu we umeona wapi meneja anayewajibu watu ovyo ovyo?"

Nimecheka. Ni muda sijacheka.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amefika na kifurushi chake. Paa la kwake linavuja, atakaa nasi mpaka mvua ziishe. Nimempokea vizuri, nimemtandikia kitanda, nimempa blanketi langu.

Mezani baba Meneja akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu, akavuta vidole. Ndiyo "leta" ya kiwandani. Kule misumeno inapiga kelele kutwa, hakuna anayemsikia mwenzake, basi wanaongea kwa mikono: leta, simama, ngumi juu ni zima kila kitu, vidole ni unene wa ubao. Wakirudi nyumbani wanasahau kubadilisha. Nikamsogezea chumvi.

Mama mkwe akamwambia, "Wewe, mdomo wako umeupeleka kunolewa? Omba chumvi kama watu."

Nikaona tutaelewana. Kumbe haraka yangu. Nilipokuwa naosha vyombo, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa akauachia sakafuni nyuma ya mtoto. Mimi niliruka. Paka wa jirani alikimbia. Meneja aliendelea kupanga vipande vyake vya mbao.

"Mtoto huyu hasikii," akasema, kama mtu anayesema mvua inanyesha.

"Amezoea kelele, mama. Amezaliwa kando ya misumeno."

"Na wewe hujazoea? Mbona umeruka?"

Nimekuja huku chumbani kuandika, maana nikijibu nitavunja adabu.

Jumatatu, 10 Machi

Ngoma imepigwa asubuhi, Meneja yuko benchini, amecheka. Nikamkimbilia mama mkwe ndani, "Mama, njoo uone." Akatoka anajifunga kitenge polepole kama ana mwaka mzima. Alipofika ndege amesharuka.

Jumanne, 11 Machi

Vilevile. Ndege akimwona mama mkwe anazunguka upande wa pili wa shina, anachungulia kwa jicho moja. Hata ndege amenigeuka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamua kumjua huyu ndege, ili nijue saa yake na nimweke mama mkwe pale kabla hajapiga. Ni mkubwa kama kunguru, mweusi mwili mzima. Dume ana utosi mwekundu kuanzia juu ya mdomo hadi nyuma. Jike ana doa jekundu kisogoni tu. Hatembei shinani kama ndege wengine, anaruka kwenda juu akijikaza kwa mkia, ule mkia mgumu anaukalia kama kigoda.

Kupiga ngoma ni kitu kingine na kuchonga ni kingine, hilo sikuwa nalijua. Ngoma ni ya haraka, anaipiga juu kwenye tawi lililokauka linalolia vizuri, ni kutangaza kwamba hapa pana mwenyewe na pana mke anatafutwa. Kuchonga ni taratibu, ko, ko, ko, anachimba nyumba. Wameanza tundu chini kidogo ya tawi lile. Dume anachonga, jike anakuja anaita mara moja, wanapokezana zamu bila kugombana. Chini ya mti maranda yamejaa kama kwa seremala. Meneja anayapenda, anayachota na kuyamwaga kichwani kwake.

Nimemwonyesha mama mkwe lile tundu. Akasema, "Dume anajenga nyumba isiyovuja. Nimwambie mwanangu aje kujifunza." Tukacheka wote wawili, kisha nikakumbuka kwamba nimemkasirikia.

Jumatano, 19 Machi

Jino la Meneja. Hatukulala.

Jumapili, 23 Machi

Kiwanda kimefungwa, baba yake yuko nyumbani, mama mkwe yuko benchini tangu asubuhi, nimemwekea na mto. Nimempakata Meneja, tumeegemea shina. Leo nilisema wote waone.

Ndege hakupiga. Dume alikuja, akaingia tundu, akatoa kichwa na kumwaga maranda nje, akaingia tena. Baba Meneja akasinzia na gazeti usoni. Mama mkwe akasema, "Huyu mpiga ngoma wako kastaafu, Mama Meneja."

Nilitamani kuutikisa ule mti.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeelewa. Ameshapata mke na nyumba imekwisha, anatangaza nini tena? Sasa wanakaa kwenye mayai kwa zamu, na jioni dume ndiye anayeingia kulala nayo, jike anakwenda kwingine. Hakuna ngoma. Ushahidi wangu wote ulikuwa ule, na umekwisha kwa sababu ndege wawili wameoana.

Ijumaa, 28 Machi

Nimegonga shina kwa mwiko mwenyewe. Meneja alikuwa kwenye benchi, akacheka. Nikaenda kumwambia mama mkwe. Akasema, "Mgongee akiwa mbali na mti." Nikasema uji unaungua.

Haukuwa unaungua.

Jumatano, 2 Aprili

Nina mengi, nitaandika tu yanavyokuja.

Mvua ilikatika asubuhi. Meneja alikuwa mchangani, katikati ya jiko na kamba ya nguo, mgongo kaupa mti, anajaza maranda kwenye kopo. Akaja dume mgeni. Alitua kwenye nguzo ng'ambo ya uzio, akapiga ngoma kwenye mabati ya taa yake, kelele ile ungedhani msumeno umewashwa. Dume wetu akatoka tunduni kama risasi, akapanda tawi lake na kujibu. Huyu anapiga, yule anapiga. Majirani walitoka kutazama. Mnoa misumeno, ambaye masikio yake yalishakufa kwa kazi na ukitaka kumsalimia lazima umguse bega, hata yeye alisimama mlangoni anauliza ni nini kile.

Meneja alijaza kopo lake. Akalimwaga. Akaanza tena.

Nikamwita. Nikamwita kwa jina lake lenyewe, lile tulilompa. Nikapiga makofi. Ngoma mbele, ngoma nyuma, mama yake anapayuka katikati, na yeye anatoa kibanzi kimoja kwenye kopo kwa sababu hakikumpendeza.

Halafu akachoka. Akainuka, akafunga mikono yake nyuma, akaenda kwenye benchi, akaketi na kuegemea shina. Mgongo ulipogusa tu akastuka, uso ukafunguka, akacheka. Dume akipiga anacheka. Dume akinyamaza anangoja.

Nilikwenda nikapiga magoti pale. Niliziba masikio yangu kwa vidole na kuweka shavu kwenye shina, vile anavyofanya yeye. Ngoma ilikuwa ndani ya mti. Niliisikia kwenye meno, kwenye mfupa wa shavu, ikashuka mpaka shingoni. Sikuhitaji masikio hata kidogo.

Mwezi mzima nimekaa namchunguza ndege.

Nilipoinua kichwa mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilijua atasema, na nilikuwa tayari kumjibu vibaya, vibaya sana, maneno nilikuwa nayo. Alikuja akamchukua mtoto, akampangusa makamasi kwa ncha ya kitenge, akaniambia, "Nenda kaoge, mwanangu. Chakula nitapika mimi."

Ijumaa, 4 Aprili

Jana mama mkwe aliniambia jambo tukichambua mboga. Alikuwa na mdogo wake wa kiume asiyesikia. Kwao hakuna aliyesema naye. Walimlisha, walimvisha, wakitaka aje walimtupia kijiwe mgongoni. "Si kwa ubaya," akasema. "Kijiwe kidogo tu. Akakua hivyo, mtu mzima, kila akiguswa anageuka na mikono usoni. Ndiyo maana nilidondosha ule mfuniko. Nilitaka kujua mapema. Wewe ukaniona mchawi."

"Sikukuona mchawi, mama."

"Uliniona. Usiniongopee, na mimi niliwahi kuwa na mama mkwe."

Nimefikiri kutwa ni vipi tulikaa miaka yote hii bila kuona. Lakini hapa nani anamwita mtoto kwa mdomo? Misumeno ikiwaka, ukimtaka mtoto unapunga kitambaa, unakanyaga sakafu ya mbao, unamshika shati. Meneja anageuka kama watoto wote, kwa sababu watoto wote wanaitwa hivyo. Mahali pengine wangeona alipokuwa wa kunyonya.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia baba yake. Nilichagua Jumapili, nilichagua baada ya chakula, nilichagua sauti. Haikusaidia.

"Mama amekujaza maneno," akasema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Hapa nani anasikia? Mimi ukiniita upande wa kushoto sikusikii. Mnoa misumeno hasikii hata radi. Mbona hao hamwapeleki kwa wataalamu?"

"Nyinyi mlisikia kwanza. Mlijifunza kusema kwanza. Yeye ataanzia wapi?"

Akasimama. "Mwanangu si bubu. Na sitaki kusikia neno hilo humu ndani."

Mimi sikuwa nimelitaja neno hilo. Yeye ndiye aliyelitaja.

Jumanne, 8 Aprili

Ameacha kutumia mikono nyumbani. Chumvi anaiomba kwa mdomo, kwa sauti, "Naomba chumvi," kama yuko ofisini. Meneja anamtazama mikono, anangoja, mikono imelala mezani.

Alhamisi, 10 Aprili

Anamfundisha kusema. Anamweka mtoto kati ya magoti yake, anamshika kidevu, "Sema baba. Ba-ba." Anapaza sauti kila mara zaidi, mpaka majirani wanasikia wote isipokuwa yule mmoja. Meneja anamwekea vidole midomoni, anadhani ni mchezo. Baba yake akamtua chini na kutoka nje.

Ningekuwa na nguvu ningemtikisa yeye badala ya mti.

Jumatatu, 14 Aprili

Maganda ya mayai chini ya mti, meupe peee. Makinda yametoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Mama mkwe anaumwa magoti. Baba Meneja anaongea na mtoto kwa kelele, mimi kichwa kinaniuma, ndege wanaleta chakula na kuondoka, wanaleta na kuondoka, mbona wao hawachoki?

Jumatatu, 28 Aprili

Tumekwenda kliniki, mimi na mama mkwe na mtoto. Baba yake alisema ana zamu. Zamu alikuwa nayo kweli, ila angeweza kubadilishana.

Mtaalamu ni dada kijana, mpole. Alimvisha Meneja vidude vya masikioni akavipenda, akakataa kuvivua. Alimpima kwa mashine, akampima tena. Halafu akavuta kiti karibu yangu, hapo nikajua.

Hasikii. Mishindo mizito sana labda, kidogo. Maneno hapana, na si kitu kilichofanywa na misumeno, amezaliwa hivyo. Kuna shule ya watoto wasiosikia, lakini inachukua wakubwa kidogo, na akasema asikae mpaka wakati huo bila lugha. Akaniomba daftari. Akasoma, akawa anafunua kurasa.

"Hapa kuna ndege tu."

"Neno halikuja, dada."

"Akitaka maji anakufanyiaje?"

"Ananipeleka kwenye ndoo, anaweka kiganja kinywani."

"Basi hilo ni neno, ungeliandika. Nyumbani kuna mtu anayejua kusema kwa mikono?"

Mimi na mama mkwe tukatazamana. Mama mkwe akasema, "Yupo mmoja. Amegoma."

Jumanne, 29 Aprili

Baba yake hakuuliza. Nilimwambia hivyo hivyo, anafunga viatu. Alifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena, akaenda kazini.

Ijumaa, 2 Mei

Mimi najifunza mwenyewe. Nimemwuliza mnoa misumeno alama za kiwandani, kanionyesha zote na nyingine za matusi. Meneja ananitazama, lakini mimi si mtu wa msumeno, mikono yangu inababaika kama ya mgeni. Anayemtazama kwa hamu ni baba yake. Jioni anasimama mbele yake na kuitazama ile mikono. Inakunja gazeti.

Mama mkwe amemwambia, "Mimi nilikuwa na mdogo wangu aliyetupiwa vijiwe. Wewe unamtupia sauti. Tofauti yake nini?" Akageuza ukurasa wa gazeti. Na mimi nimechoka kumhurumia.

Alhamisi, 8 Mei

Makinda yanakula sana sasa, na wazazi wao wanakwenda kutafuta funza uwanjani, kwenye magogo mapya ambayo hayajamenywa. Wanabandua maganda kwa mdomo, vipande vikubwa kama mkono. Ndiko wanakopata chakula siku hizi, maana miti mikavu imebaki huu mmoja.

Leo Meneja alimfuata jike. Nilikuwa naanika, mama mkwe alidhani yuko na mimi, mimi nilidhani yuko naye. Alipita penye ubao uliolegea wa uzio. Nilipomwona alishafika katikati ya uwanja, mikono nyuma, ametazama juu, na juu ya rundo kreni ya mnyororo ilikuwa inashusha gogo.

Nilipiga kelele. Baba yake alikuwa jukwaani penye msumeno, alimwona, naye akapiga kelele. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikipita misumeno, alimwita mpaka sauti ikakatika. Meneja alitembea. Akaokota ganda, akaligeuza, akatembea.

Ndipo baba yake akainua ngumi. Dereva wa kreni hakumsikia, nani angemsikia, lakini aliona ngumi. Gogo likasimama pale pale hewani, likawa linayumba. Akaruka kutoka jukwaani, akakimbia, akamkumbatia mtoto kwa nyuma.

Alirudi naye nyumbani amembeba, uso mweupe kwa unga wa mbao. Aliketi kwenye benchi letu. Kidole chake kilikuwa kinavuja damu, sijui kilikatwa na nini. Nilikuja na kitambaa, nikamfunga.

"Nilimwita," akaniambia.

"Nilisikia."

"Nilimwita kwa jina lake."

Nikakaza fundo la kitambaa. Mama mkwe alisimama nyuma yangu na bakuli la maji.

Ijumaa, 9 Mei

Amepigilia ubao wa uzio kabla ya kwenda kazini. Hakuna zaidi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imekwisha nadhani, jua limetoka tangu asubuhi. Mama mkwe anakunja vitu vyake, anasema kesho anakwenda kuona paa lake. Nimemwambia abaki. Amesema atafikiria, akaacha kukunja.

Nakaa dirishani na daftari. Baba Meneja amemtoa mtoto nje bila kuambiwa na mtu, wamesimama chini ya mti. Makinda mawili yametoa vichwa tunduni, yanalia kwa zamu na pamoja, siku mbili tatu hizi yataruka. Baba yake alitazama huku na huku kama mwizi. Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto, akaonyesha makinda, akanyoosha mkono, kiganja juu, akavuta vidole. Leta. Akaonyesha makinda tena. Leta.

Meneja aliutazama ule mkono muda mrefu. Halafu alitoa wake nyuma, akaunyoosha kuelekea juu ya mti, akavuta vidole vyake vyote mara moja, vibaya, kama anayekamata nzi. Akarudia. Na dume akaja kweli, mdomo umejaa, akatua penye tundu. Hakuwa ameitwa na mtu, ni zamu yake, lakini Meneja alimgeukia baba yake na uso ambao sijawahi kuuona, akidhani ni mkono wake uliomleta. Baba yake ameketi chini kwenye maranda. Mabega yanamtikisika, anacheka au analia, kutoka hapa sioni vizuri.

Sasa ameniona. Amemgusa mtoto bega, amemwonyesha dirisha. Meneja amegeuka, amenyoosha mkono kwangu, kiganja juu, anavuta. Namwangalia tu, kalamu inakimbia yenyewe. Anarudia. Amekunja uso kama bosi, anavuta kwa mkono mzima sasa, anadhani mama yake ndiye asiyesikia. Naacha kalamu, naenda.